Dalili za Njaa Huonekana Kabla ya Sufuria Kubaki Tupu

Vita vya mbali vinaweza kufika hadi meza ya mkazi wa Mfangano. Machi 2022, mwezi mmoja baada ya Urusi kuivamia Ukraini, kipimo cha bei za vyakula duniani cha Shirika la Chakula na Kilimo (FAO) kilifikia kiwango cha juu zaidi tangu 1990. Ngano, mafuta ya kupikia na mbolea vilipanda bei nchini Kenya. Kisiwani, ambako bidhaa nyingi za dukani huletwa kwa boti, nauli ya mzigo huongezwa juu ya bei hiyo.

Tahadhari ya mapema ni nini?

Ni kufuatilia dalili ndogo kabla hazijawa janga. Mtandao wa FEWS NET, kwa mfano, ulianzishwa 1985 kufuatia baa la njaa la Ethiopia. Kwa kawaida dalili hufuatana hivi:

1. Shambani: mvua huchelewa, au viwavijeshi vamizi, walioingia Kenya 2017, hushambulia mahindi.

2. Sokoni: gorogoro ya mahindi hupanda bei huku mapato ya samaki yakipungua.

3. Nyumbani: familia hupunguza milo, hula mbegu au huuza nyavu.

4. Kwa mtoto: utepe wa kupima mkono, kwa watoto wa miezi 6 hadi 59, husoma chini ya sentimita 12.5. Chini ya 11.5 ni utapiamlo mkali. Mtoto apelekwe kituo cha afya mara moja.

Familia iliyouza nyavu imekula chakula cha leo na kupoteza cha kesho. Ndiyo sababu hatua zichukuliwe katika dalili ya kwanza na ya pili: kuhifadhi mbegu, kuanika omena vizuri, kupanda mtama na mihogo, na kumjulisha afisa wa kilimo au kamati ya ufuo (BMU).

Jihadhari na dalili za uongo

Omena hupungua mbalamwezi inapong'aa. Hilo ni jambo la kawaida. Linganisha usiku wa giza na usiku wa giza wa mwezi uliopita, na bei ya Aprili na ya Aprili iliyopita.

Zoezi la nyumbani

Kila siku ya soko, andika kwenye kalenda: je, leo ni mikebe mingapi ya omena inayonunua gorogoro moja ya mahindi? Idadi ikiongezeka kwa wiki kadhaa mfululizo, usingoje. Peleka taarifa kwenye baraza la chifu.