Jua Haki Zako: Rangi Mpya Haifuti Ufa wa Tela

Makambako ni njia panda. Barabara kuu ya Dar es Salaam kwenda Zambia inapita hapo, barabara ya Njombe na Songea inachepukia hapo, na reli ya TAZARA ina stesheni yake hapo. Mbao, viazi, chai na parachichi za mkoa wa Njombe husafirishwa kwa malori, na nyuma ya malori mengi kuna tela. Tela likichakaa, au biashara ya mwenye nalo ikibadilika, linatafutiwa mnunuzi. Hapo muuzaji huanza na yale yatakayoonekana: analiosha, anaita fundi wa kuchomelea, anapiga rangi, anabandika viakisi vipya. Hakuna sheria inayokataza mtu kupendezesha mali yake. Lakini kisheria maandalizi yenye uzito ni mengine: kuhakikisha kwamba una haki ya kuuza, kueleza kasoro unazozijua, na kuyaandika hayo yote kabla hujapokea fedha. Ninachokitetea hapa ni kwamba muuzaji anayetaja kasoro za tela lake kwa maandishi hajidhuru. Anajilinda yeye mwenyewe kwanza, kisha ndipo anamlinda mnunuzi.

Tuanze na haki ya kuuza. Tela la lori husajiliwa peke yake. Lina namba yake na kadi yake, mbali na za kichwa kinacholivuta. Mkataba unaosema "nimeuza lori na tela lake" huku ukitaja namba ya kichwa tu umeiacha nusu ya mali nje ya maandishi. Shika kadi ya tela, kisha nenda kwenye chesisi. Namba ya chesisi huwa imegongwa kwenye chuma cha fremu au kwenye kibati kilichobanwa juu yake, na baada ya miaka ya grisi, matope na rangi juu ya rangi, mara nyingi haisomeki. Isafishe taratibu kwa mafuta ya taa na brashi, usiipitishie mashine ya kusaga, halafu ilinganishe na kadi tarakimu kwa tarakimu. Ikitofautiana hata tarakimu moja, au ikiwa imeliwa na kutu, usiigonge upya wewe mwenyewe. Lifikishe suala hilo kwa Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA) na polisi kwanza, kwa sababu namba inayoonekana kuchezewa inaweza kumfanya mwenye mali halali ashukiwe kuwa mwizi. Litazame na jina lililo kwenye kadi. Kama ni la marehemu, mwenye mamlaka ya kuuza ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, si mtoto mkubwa wala mjane kwa sababu tu ndiye anayelitunza tela. Kama tela limewekwa dhamana ya mkopo, benki iridhie kwa maandishi. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, huhesabu kwamba kwa kawaida anayeuza ameahidi kuwa ana haki ya kuuza, hata kama mkataba haukutamka hivyo. Ahadi hiyo ikivunjika, mnunuzi anaweza kudai arudishiwe fedha zake.

Baada ya haki ya kuuza yanafuata maandalizi ya chuma, na hapa ndipo wengi wanapojiponza. Chukua mfano wa tela ambalo boriti yake kuu imepata ufa karibu na mahali springi zinaposhikiliwa. Fundi anakata kipande cha bati nene, anakichomelea juu ya ufa, anasaga mshono mpaka ulingane na chuma, kisha rangi nyekundu inapita juu. Kazi hiyo inaweza kuwa ukarabati halali, na inaweza kuwa udanganyifu. Kinachotenganisha hayo mawili ni maelezo anayopewa mnunuzi. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, inaorodhesha miongoni mwa matendo ya udanganyifu kitendo cha kuficha kwa makusudi jambo ambalo mtu analijua. Aliyepiga rangi ili mshono usionekane, kisha akasema chesisi haijawahi kuguswa, ametenda mawili kwa mpigo: ameficha, na amesema uongo. Mnunuzi aliyekubali kwa sababu ya udanganyifu huo ana haki ya kuomba mkataba utenguliwe na fedha zirudi. Jambo linaweza pia kuvuka madai likawa jinai, kwani Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, inamwadhibu anayejipatia mali au fedha kwa njia ya udanganyifu. Tusisahau pia kwamba tela lililopakiwa mbao Njombe kwenda Dar es Salaam litateremka mlima wa Kitonga likiwa na mzigo kamili. Ufa uliofichwa au breki za upepo zinazovuja ni hatari kwa dereva, kwa utingo na kwa kila anayepishana nao.

Wapo watakaosema: mnunuzi ana macho, na sheria yenyewe inamtaka akague. Hoja hii ina ukweli ndani yake. Chini ya Sura ya 214, mtu binafsi anayeuza kitu chake kilichotumika hahesabiwi kuwa ametoa dhamana ya ubora kama anavyohesabiwa mfanyabiashara wa bidhaa za aina hiyo. Sheria ya Mikataba nayo inasema kunyamaza tu, kwa kawaida, si udanganyifu. Matairi yaliyolika yanaonekana. Mnunuzi aliyeyatazama akanunua hawezi kurudi wiki ijayo akilalamika kwamba alidanganywa. Lakini kunyamaza si sawa na kuficha. Sheria hiyohiyo inamnyima nafuu mtu ambaye angeweza kuugundua ukweli kwa uangalifu wa kawaida, ila inamnyima pale tu alipopotoshwa kwa maelezo yasiyo sahihi au kwa ukimya wa hila. Ngao hiyo haimfuniki muuzaji aliyetumia mikono yake kuufukia ukweli chini ya rangi. Na anayenunua na kuuza matela kama kazi yake anabanwa zaidi: ahadi za ubora chini ya Sura ya 214 zinaweza kumgusa, na Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mteja katika biashara.

Wengine watasema: nikitaja ufa, bei itashuka. Ni kweli, huenda ikashuka. Ila bei ya juu iliyopatikana kwa kuficha haijawa mali yako bado. Ni fedha unayoweza kuamriwa kuirudisha, na fidia juu yake. Bei ya chini iliyokubaliwa na mtu anayejua anachonunua imetulia. Kwa hiyo andika katika mkataba, kwa maneno ya kawaida: boriti ya kushoto imechomelewa kwa bati, ekseli ya nyuma ina breki dhaifu, matairi mawili yamekwisha, mnunuzi ameonyeshwa, amekagua na fundi wake, na ameikubali bei kwa hali hiyo. Mnunuzi akitia saini hapo, itamuwia vigumu sana kusimama mahakamani aseme hakuambiwa, kwa kuwa kanuni za ushahidi haziruhusu kirahisi maneno ya mdomo kupingana na mkataba ulioandikwa. Maneno "limeuzwa kama lilivyo" peke yake hayana nguvu hiyo. Yanaweza kuondoa dhamana ambazo sheria ingezihesabu. Hayawezi kusafisha udanganyifu.

Pingamizi la tatu husikika sana kati ya watu wanaofahamiana: tunaaminiana, nikabidhi kadi tu, kubadilisha jina ni gharama. Gharama ipo kweli. Uhamisho wa umiliki hufanyika TRA, pande zote mbili zikiwa na namba ya mlipakodi, kadi halisi na mkataba wa mauziano, na kuna ada pamoja na ushuru wa stempu. Kubalianeni kwa maandishi nani analipa nini. Lakini hebu tazama upande wa pili. Sheria ya Usalama Barabarani, Sura ya 168, humchukulia aliyesajiliwa kuwa ndiye mmiliki mpaka ithibitishwe vinginevyo. Tela likizidisha uzito kwenye mizani ya Makambako, au likisababisha ajali, utafutaji wa mwenye nalo utaanza na jina lako. Na wewe mnunuzi, tela lenye jina la mtu mwingine linaweza kukamatwa kwa deni la mtu huyo, nawe ukabaki na kazi ya kuthibitisha kwamba ni lako. Mali bila daftari hupotea bila habari. Siku ya makabidhiano, kagueni pamoja madeni ya faini za barabarani kwa namba ya usajili, kisha muandike tarehe na saa ya kukabidhiana, ili ijulikane jukumu la nani linaishia wapi. Bima nayo msiidhani imehama na tela. Mnunuzi akate yake. Mkiuziana kwa mafungu, mkataba useme umiliki hautahama mpaka fungu la mwisho lilipwe, na muuzaji abaki na kadi halisi.

Mgogoro ukitokea, nyaraka hizo ndizo zitakazosema. Dai la deni linalotokana na mkataba, lisilozidi shilingi milioni 30, linaweza kufunguliwa Mahakama ya Mwanzo. Yanayozidi hapo huenda Mahakama ya Wilaya au ya juu zaidi, kulingana na thamani. Muda wa kudai kwa msingi wa mkataba ni miaka 6, lakini usiungoje uishe, kwa sababu mashahidi huhama na tela huendelea kuchakaa mpaka ufa wa zamani usitofautishwe na mpya. Asiye na uwezo wa kumlipa wakili anaweza kuomba msaada chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, ambayo imewatambua pia wasaidizi wa kisheria. Msaada huo hufaa zaidi kabla ya kutia saini kuliko baada ya kugombana. Muuzaji aupeleke mkataba ukasomwe kabla hajapokea fedha, na mnunuzi asilipe mpaka aione kadi, aisome namba ya chesisi kwa macho yake, na aikute kila kasoro aliyoambiwa imeandikwa.