Je, Maji ya Bomba Yakilala kwenye Ndoo Yanawafaa Samaki?

Swali: Kila wiki nabadilisha robo ya maji ya tangi langu la samaki. Wapo wanaosema maji ya bomba yakilala usiku kwenye ndoo yanatosha, wengine wanasisitiza dawa ya kuondoa klorini. Nimsikilize nani?

Jibu: Shika dawa. Klorini ya kawaida huruka hewani ndani ya saa 24 hivi, mradi ndoo iwe na mdomo mpana na isifunikwe. Kwenye jerikeni lililofungwa hubaki. Ila kloramini, yaani klorini iliyoungana na amonia, inayotumika katika miji mingi ya Marekani, hudumu siku kadhaa, na kwa macho huwezi kujua ipi imetiwa. Sodiamu thayosalfeti, iliyomo katika dawa hizo, huziondoa zote mbili kwa dakika chache. Kasoro yake ni moja: ikivunja kloramini huacha amonia, nayo ni sumu, kwa hiyo chagua dawa inayoishika na amonia pia.

Utauliza, mbona sisi tunayanywa? Shirika la Afya Duniani hutaka klorini isipungue miligramu 0.2 kwa lita maji yanapomfikia mtumiaji. Sisi haitudhuru, lakini samaki huipitisha moja kwa moja kwenye matamvua, ambayo utando wake ni mwembamba mno. Huungua, ndipo unamwona akihemea juu ya maji. Klorini hiyohiyo huua bakteria wanaosafisha tangi, kwa hiyo hata sifongo ya chujio ioshe kwa maji uliyoyatoa tangini, kamwe si bombani.