"MTANDAO UNASUMBUA": UMEKWAMA WAPI? IJUE NJIA YA INTANETI MPAKA DUKANI KWAKO

Leo siongelei mtaji wala mkopo. Naongelea kitu tunachokilipia kila siku na wengi hatujui kinapita wapi: intaneti. Mimi nina duka hapa Makoko, Musoma. Nimeishia form four, na haya nimejifunza mwenyewe kidogokidogo kwa kusoma na kuuliza mafundi. Kwa hiyo naandika kwa lugha ya dukani.

Kwa nini ujue? Kwa sababu neno "mtandao unasumbua" linakula hela. Mteja anakwambia "nimeshatuma, mtandao tu unasumbua", anaondoka na mzigo. WhatsApp ikigoma unanunua bando jingine, kumbe shida haiko kwenye bando. Ukiijua njia, unajua pa kuangalia.

INTANETI SIYO KITU KIMOJA

Wengi wanadhani intaneti iko angani, au ni mali ya kampuni moja kubwa huko Marekani. Hapana. Kampuni ya laini yako ina mtandao wake. Benki ina wake, chuo kina wake, Google ina wake. Mitandao hii imeungana na imekubaliana lugha moja ya kupokezana mizigo. Huo muungano ndo intaneti. Ni kama barabara: kuna za TARURA, kuna za TANROADS, mpaka unavuka kwenda nchi nyingine, lakini gari ni lile lile linapita zote.

SAFARI YA PICHA YAKO

Tuseme unamtumia mteja wa Dar picha ya dagaa kwa WhatsApp. Inapita hivi:

1. Simu mpaka mnara. Hapa inakwenda kwa mawimbi ya redio. Kompyuta ya dukani isiyo na laini inapitia kwenye ruta ya waifai, au kwenye simu yako ukiirushia hotspoti. Kila kifaa kikiunganishwa kinapewa namba yake, inaitwa anwani ya IP. Bila namba hiyo, majibu hayajui yarudi kwa nani.

2. Mnara mpaka mkongo. Yale madishi ya mviringo unayoyaona juu ya mnara yanaongea na mnara mwingine. Minara mingine imeungwa kwa faiba, yaani uzi wa kioo mwembamba kama unywele. Ndani ya kioo data inakimbia kama mwanga, karibu kilomita 200,000 kwa sekunde. Barabara kuu ya nyuzi hizi hapa nchini ni Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano, unaosimamiwa na TTCL.

3. Makutano. Dar es Salaam kuna sehemu inaitwa TIX ambapo kampuni za mtandao za Tanzania zinapokezana mizigo. Faida yake ni kwamba data ya kutoka kampuni moja ya Tanzania kwenda nyingine haina haja ya kuzunguka Ulaya ndo irudi.

4. Bahari. Mzigo wa nje unapita kwenye nyaya zilizolazwa chini ya bahari. SEACOM ilianza kutoa huduma mwaka 2009, na EASSy mwaka 2010. Zote zinafika Dar. Kabla ya hapo tulitegemea setilaiti, nyingi zikiwa juu kama kilomita 36,000. Ndo maana intaneti ilikuwa ya kinyonga na bei ilikuwa kali.

5. Seva. Hii ni kompyuta isiyozimwa inayotunza na kugawa vitu. Zingatia hapa: hata kama mteja yuko mtaa wa pili, meseji ya WhatsApp inakwenda kwanza kwenye seva za wenye WhatsApp huko nje, ndo inarudi kwake.

Na picha haisafiri ikiwa nzima. Inakatwa vipande vidogo, kila kipande kina namba yake na anwani ya anakokwenda. Fikiria unasafirisha magunia hamsini ya dagaa, kila gunia umeliandika jina la mpokeaji na namba. Mengine yanapanda basi hili, mengine lori lile. Yakifika yanapangwa kwa namba, na likikosekana moja, lile moja tu ndo linatumwa tena. Njia moja ikiziba, mengine yanapitishwa kwingine, mradi njia nyingine iwepo.

MWEZI WA TANO 2024

Hiyo "mradi njia nyingine iwepo" tuliiona kwa macho. Februari 2024 nyaya kadhaa zilikatika kwenye Bahari ya Shamu, ikiwemo SEACOM, kwa hiyo njia ya kaskazini ikapungua. Halafu Jumapili ya tarehe 12 Mei, SEACOM na EASSy zikakatika upande wa kusini, kati ya Msumbiji na Afrika Kusini. Intaneti ikayumba Tanzania, Kenya, Uganda na kwingineko. Waya umekatika mbali huko, mtu wa Makoko anazungusha kiduara kwenye simu.

Jirani yangu mmoja anauza dagaa. Siku zile alinunua bando mara tatu ili picha ziende kwa mnunuzi wa Dar. Hazikwenda. Mama mwingine pale mwaloni alipiga simu ya kawaida, wakakubaliana bei kwa mdomo, mzigo ukapanda gari. Simu ya kawaida ya Musoma kwenda Dar haina haja ya kupita baharini. Tofauti yao haikuwa mtaji. Ni kwamba mmoja alibaki kwenye njia iliyoziba, mwenzake akatumia iliyo wazi.

PIMA HIVI KABLA YA KUNUNUA BANDO

– Angalia salio la bando. Kama lipo, weka simu kwenye hali ya ndegeni, hesabu mpaka kumi, rudisha. Ikikubali, simu yako ilikuwa haijashika mnara vizuri.
– Jaribu kupiga simu. Kama hata kupiga hakuwezekani, na jirani mwenye laini kama yako naye hapati, shida ni mnara. Umeme ukikatika muda mrefu, betri za mnara nazo zinaisha. Tumia laini ya mtandao mwingine.
– Simu zinapigika lakini intaneti ya laini zote inasuasua? Shida iko mbele, kwenye mkongo wa nchi kavu au baharini. Bando jipya halitasaidia chochote. Tunza hela yako.

Siyo kipimo cha asilimia mia, ila kinakuokoa mara nyingi.

SASA KUHUSU HELA

Zile menyu za nyota na reli za kutuma na kuangalia pesa hazitumii intaneti. Zinapita kwenye mtandao wa simu wenyewe, hata kwa kiswaswadu. Aplikesheni ya pesa ikigoma, jaribu nyota na reli. Mteja akisema aplikesheni imekataa, mwambie kwa upole: "Jaribu kwa menyu, dada yangu." Mwenye nia njema atajaribu.

Na usiachie mzigo kwa kuoneshwa skrinishoti au meseji kwenye simu ya mteja. Angalia salio lako mwenyewe. Kama mtandao wa simu nao umekufa na huwezi kuliona, basi hujalipwa bado. Pokea taslimu, au andika deni kwa mtu unayemjua kwao.

Mwisho, fanya mambo matatu wiki hii: uwe na laini za mitandao miwili tofauti, andika kwenye daftari namba za simu za wateja na wauzaji wako wakubwa, na bei za bidhaa zako ziwe kwenye karatasi, zisiwe kwenye simu tu. Daftari halihitaji mnara.

Biashara njema. Na jirani yako asiyesoma mambo haya, msomee.