Majina ya Wategemezi Yaandikwe Mapema

Ndugu wasomaji wa Minago na mwambao wote wa Rumonge, mfanyakazi aliyechangia INSS anapofariki, pensheni yake haigeuki kuwa mali ya ukoo. Sheria huielekeza kwa mjane au mgane, na kwa watoto waliomtegemea. Wengi hudhani kwamba kumtaja mke mbele ya wazee kunatosha. Hakutoshi. Kwa mujibu wa Sheria ya Watu na Familia ya mwaka 1993, ndoa inayotambuliwa na Serikali ni ile iliyofungwa mbele ya afisa wa hali ya kiraia. Mahari iliyopokewa, hata baraka za msikitini au kanisani, hazishiki nafasi ya cheti hicho. Ndiyo sababu mwaka 2017 Serikali iliwataka waliokuwa wakiishi pamoja wahalalishe ndoa zao kabla ya mwaka kwisha. Aliyeahirisha wakati ule na aende komini sasa.

Kwetu sisi wa ziwani pana tatizo la ziada. Mtoto mmoja amezaliwa Kigoma, ana cheti cha RITA ya Tanzania. Nduguye amezaliwa Baraka. Na jina la baba limeandikwa kwa tahajia tatu. Lisahihishwe baba angali hai, naye aweza kutia saini. Kila mtoto azaliwapo, nakala ya cheti chake ipelekwe kwa mwajiri na INSS.

Polisi hawana mamlaka ya kuamua nani mjane halali. Hilo ni la mahakama. Lakini shemeji anayeficha vyeti vya marehemu, au anayemfukuza mjane nyumbani kwake, njooni mtuarifu, hata kabla ya tanga kuanuliwa.