Vidokezo 7 vya kushika tumaini siku zikiwa ngumu

Ada ya shule haijapatikana, majibu ya vipimo hayajatoka, kazi imesimama, na Jumapili kwaya inaimba furaha. Imba nao. Tumaini la Mkristo limesimama juu ya ufufuko wa Yesu, wala halingoji mambo yanyooke. Unaweza kulishika leo, na njia hizi zitakusaidia.

1. Lia mbele za Mungu bila kupamba. Zaburi ya 13 ina mistari sita tu, nayo inaanza kwa kumuuliza Mungu mara nne atakawia hadi lini, kisha inaishia kwa wimbo. Ya 88 haifiki huko. Inafungwa gizani, na bado imo katika Biblia. Basi usijilazimishe kusema haleluya isiyotoka moyoni. Litaje jambo lenyewe: saratani, deni, ndoa iliyovunjika. Kumlalamikia Mungu ni imani pia, kwani humlilii usiyeamini kwamba anasikia.

2. Kula, lala, tibiwa. Eliya alikimbilia jangwani akaomba afe. Malaika hakuanza kwa mahubiri. Alimpa mkate na maji chini ya mretemu, akamwacha alale, akamlisha tena (1 Wafalme 19). Uchovu huikuza hofu. Dawa za hospitali usizitupe kwa jina la imani, na moyo ukizidi kuzama, mwone daktari au mshauri nasaha.

3. Omba riziki ya leo. Waisraeli waliolaza mana hadi asubuhi waliikuta ina mabuu na inanuka (Kutoka 16). Kuweka akiba ni hekima, lakini hofu ya Desemba usiibebe Machi. Asubuhi mtajie Mungu mahitaji ya siku hiyo. Jioni mshukuru kwa lililopatikana, hata likiwa dogo.

4. Sema ukweli kwa wenzako. Paulo aliwaandikia Wafilipi akiwa kifungoni, hajui kama ataishi au atauawa, na furaha imejaa katika sura zote nne. Lakini katika sura ya pili anakiri kwamba kama rafiki yake Epafrodito, aliyeugua karibu kufa, angefariki, huzuni ingemlemea. Katika sura ya nne anashukuru kwa msaada aliotumiwa. Nawe ukiulizwa hali kwenye jumuiya, usiishie kwenye "nimebarikiwa". Sema, "Ndugu zangu, nimeelemewa. Njooni tuombe."

5. Imba mlango ukiwa bado umefungwa. Huko Filipi, Paulo na Sila walikuwa wamechapwa, miguu imebanwa kwenye mkatale. Usiku wa manane waliomba na kuimba, wafungwa wengine wakiwasikiliza. Tetemeko lilikuja baadaye (Matendo 16). Chagua wimbo mmoja kwenye Tenzi za Rohoni, uuimbe wiki nzima. Sauti ikikwama, waite wenzako wakuimbie.

6. Fanya jambo moja la kesho. Majeshi ya Babeli yalikuwa yameuzingira Yerusalemu, na Yeremia yuko kizuizini, aliponunua shamba la binamu yake kule Anathothi kwa shekeli 17 za fedha. Mashahidi walitia sahihi, hati ikawekwa kwenye chombo cha udongo idumu (Yeremia 32). Alijua mji utaanguka. Alinunua kwa sababu Mungu aliahidi kwamba watu watarudi kununua mashamba katika nchi ileile. Panda mparachichi. Mwandikishe mtoto shule. Mpigie ndugu mliyekosana.

7. Msibani, simuliani habari za Pasaka. Februari 1977 Askofu Mkuu Janani Luwum wa Kanisa la Uganda aliuawa chini ya utawala wa Idi Amin. Kaburi lilichimbwa Namirembe, Kampala, lakini serikali haikutoa mwili. Waumini walikusanyika hata hivyo, na penye kaburi lile tupu wakakumbushana kaburi jingine lililokutwa tupu alfajiri ya Jumapili. Mwaka uleule kanisa lake liliadhimisha miaka 100. Hakuna anayekutaka ukaushe machozi haraka. Lia, zika, kaa matanga na watu wako. Kisha someni kwa sauti 1 Wakorintho 15, sura nzima, mkipokezana, kwa maana ufufuko unaohubiriwa humo ndio sababu ya furaha yetu, na unamhusu hata huyo mliyemzika.