Haki ya Jirani wa Kale na Aliyesoma Nawe Chuoni

Katika aya ya 36 ya Suratun-Nisaa Mwenyezi Mungu, baada ya kuamrisha aabudiwe peke yake, ameamrisha wafanyiwe wema wazazi wawili, na jamaa, na mayatima na maskini, na jirani wa karibu na jirani wa mbali. Kisha akamtaja mtu ambaye kwa Kiarabu ameitwa as-sahib bil-janb, yaani sahibu aliye ubavuni. Wafasiri wamekhitilafiana juu ya sahibu huyu. Imepokewa kwa Ibn Abbas kuwa ni mwenzio wa safari, na imepokewa kwa Ali na Ibn Masud kuwa ni mke. Naye Zamakhshari, aliyekufa mwaka 538 wa Hijra, ameipanua maana yake: amemtia ndani mwenzio katika kusoma ilimu au kujifunza kazi, hata mtu aliyekaa kando yako katika majlisi au msikitini. Bwana huyu katika itikadi alikuwa Muutazila, wala huko hatumfuati. Lakini katika lugha ya Kiarabu wakubwa wamemkubali, na maana aliyoitoa haikutoka nje ya neno lenyewe. Kwani ni nani aliyekaa ubavuni mwako zaidi kuliko yule mliyekaa naye mkeka mmoja miaka minne au mitano, juzuu moja mbele yenu, ukikosa herufi akikunong'oneza kabla mwalimu hajasikia?

Darsa yetu ya juma hili ni juu ya mtu huyo, na juu ya jirani wa kule tulikozaliwa. Wengi katika wasomao karatasi hii asili yao si Mombasa. Wametoka Pate, Siyu, Faza, Kizingitini na vijiji vya kando yake. Wengine wazee wao walitoka katika vijiji vya Wabajuni vya bara, vilivyohamwa wakati wa vita vya Shifta baina ya 1963 na 1967, na baadhi yake havikurudiwa tena. Wengine walikuja kutafuta skuli, wengine kazi za bandarini, na wengine walipita hapa tu wakaenda zao Arabuni. Mtu huja kijana wa miaka kumi na minane, akaoa hapa, akapata watoto hapa. Na mwishowe akawa mji wake haujui ila kwa khabari za mauti.

Sasa huulizwa: je, haki ya jirani haiishi mtu akihama? Jawabu yake yataka kupambanuliwa. Haki ya ujirani kama walivyoieleza mafakihi imefungamana na mahali. Jirani ni yule ambaye nyumba yake iko karibu na yako, na Imamu Al-Awzai amekadiria nyumba arubaini kila upande. Ukihama, yule uliyemwacha si jirani yako tena kwa hisabu hiyo, na jirani yako ni huyu wa Majengo au Kisauni ambaye moshi wa chakula chako humfikia. Lakini kuna haki nyingine isiyofungamana na mahali, nayo ni haki ya ahadi ya kale, kwa Kiarabu al-ahd: ule uzoevu na mapenzi yaliyopita baina ya watu. Imamu Bukhari, katika kitabu cha Adabu cha Sahihi yake, ameweka mlango mzima kuonyesha kuwa kuitunza vyema ahadi hiyo ni katika imani, na chini yake ameileta hadithi ya Bibi Aisha juu ya Bibi Khadija. Bibi Aisha asema kuwa hakumwonea wivu mke yeyote wa Mtume (s.a.w.) kama alivyomwonea Khadija, na ilhali hakumdiriki, kwa sababu Mtume alikuwa akimtaja sana, na akichinja mbuzi humpelekea nyama marafiki wa Khadija.

Izingatie hadithi hii. Khadija alikuwa amekwisha kufa huko Makka. Mtume yuko Madina, ana shughuli za umma mzima. Wale kina mama hawakuwa jamaa zake wala hawakuwa na manufaa yoyote kwake. Kilichowapa fungu katika nyama ile ni ukale tu. Na Al-Hakim amepokea kuwa bibi mmoja mkongwe alimwendea Mtume, akampokea kwa uchangamfu mkubwa na kumwuliza hali zao baada ya kuachana. Alipoondoka, Bibi Aisha akastaajabu, naye akamjulisha kuwa mama huyo alikuwa akiwajia siku za Khadija.

Katika Sahihi Muslim mna kisa cha Abdalla bin Umar, nacho chatuhusu sisi watu wa mjini zaidi. Alikuwa katika njia ya Makka akakutana na bedui. Akamsalimu, akampandisha juu ya punda aliyekuwa akimpanda mwenyewe, na akamvika kilemba kilichokuwa kichwani mwake. Waliokuwa pamoja naye wakaona amepita kiasi, wakamwambia kuwa hawa ni mabedui tu, nao huridhika na kidogo. Akawajibu kuwa baba wa mtu yule alikuwa rafiki wa baba yake Umar, na kwamba amemsikia Mtume akieleza kuwa wema mkubwa mtu awezao kumfanyia mzazi ni kuunga na watu waliokuwa wapenzi wa mzazi wake. Basi na tujisikilize nafsi zetu. Ni mara ngapi amefika mtu kutoka visiwani, ana mgonjwa wake wa kupeleka hospitali, tukasema kuwa hawa watu wa shamba mkeka wawatosha? Maneno ni yale yale ya wale waliomlaumu Ibn Umar, nayo alikwisha kuyakataa.

Basi na tuitazame hali yetu tulivyo. Zamani mtu akitaka khabari za kwao alingoja jahazi, au alimwandikia mtu barua. Leo simu iko mkononi, na tangu 2007 fedha hupelekwa kwa M-Pesa kabla chai haijapoa. Kila kijiji kina kundi lake la WhatsApp, na kila darasa la skuli lina lake. Neema hii si ya kubezwa. Wako waliopoteana miaka thelathini wakaonana kwa njia hiyo. Lakini imezuka tabia ya kudhani kuwa aliyetuma picha ya mawaridi asubuhi ya Ijumaa amekwisha tekeleza haki ya watu mia mbili. Mtu aliugua miezi mitatu huko Siyu, na kundini alikuwamo; hakuna aliyemwuliza mbona kimya. Alipokufa, dua ziliteremka kama mvua.

Na katika michango kuna jambo ambalo sikuona watu wakilizungumza. Mwenye kukusanya huandika orodha: fulani elfu tano, fulani elfu mbili, fulani mia. Orodha hiyo husomwa na wote. Yule wa mia moja, ambaye pengine ndiyo aliyokuwa nayo, hufedheheka, na mara ya pili hujitoa kundini kimyakimya; na hivyo mchango uliokusudiwa kuunga watu ukamkata mtu. Najua watasema kuwa orodha ni kwa ajili ya uaminifu. Uaminifu ni wajibu, lakini hupatikana kwa njia nyingine: mwenye kukusanya amjibu kila mmoja kwa faragha kuwa chake kimefika, hisabu zikaguliwe na watu wawili wanaoaminiwa, na kundini itangazwe jumla peke yake. Mwenyezi Mungu katika Suratul-Baqara, aya ya 271, ameisifu sadaka ya dhahiri, kisha akaifadhilisha ile inayofichwa na kupewa mafakiri.

Jambo jingine ni majina ya utani. Chuoni hakuna aliyesalimika. Mmoja aliitwa kwa mguu wake, mwingine kwa kigugumizi chake, mwingine kwa siku aliyolia alipopigwa. Leo mtu huyo ni babu, ana wakwe. Rafiki yake wa kale humwita jina lile mbele ya wakwe zake, watu wakacheka, na mwitaji akaona kuwa ameonyesha mapenzi. Makatazo ya kuitana kwa majina mabaya yamo katika aya ya 11 ya Suratul-Hujurat, wala hayakubaguliwa kwa sababu ya urafiki. Aliyekujua mtoto anazo siri zako ambazo mkeo hanazo, na kila siri ni amana.

Wala haki hii si ya upande mmoja. Nduguye aliyebaki nyumbani naye asiifanye kila salamu kuwa mlango wa kuomba. Mtu wa Mombasa hudhaniwa kuwa ana mali. Kumbe pengine analipa kodi ya chumba, karo za watoto wanne, na deni dukani. Wako wanaoogopa kupokea simu ya kwao, si kwa kiburi, ila ni kwa haya ya kusema sina. Akipigiwa siku moja kwa kuulizwa hali tu, na maneno yakaisha bila ya haja, utaona mara nyingine atapokea kwa furaha. Imamu Muslim amepokea khabari ya mtu aliyetoka kwenda kumzuru nduguye katika kijiji kingine, Mwenyezi Mungu akamwekea malaika njiani. Malaika alimwuliza kama ana maslahi yoyote anayoyafuata kwa huyo mtu, naye akajibu kuwa hana ila kwamba ampenda kwa ajili ya Mungu. Safari ya kwetu ni basi mpaka Mokowe, kisha chombo mpaka Mtangawanda, kisha mwendo wa nchi kavu. Na anayetaka kuingia Siyu kwa mkondo wake hungojea maji yajae. Ni taabu, na taabu hiyo ndiyo iliyompa yule msafiri daraja yake.

Huulizwa pia juu ya wenzetu wa skuli wasiokuwa Waislamu, kwani waliosoma sekondari wamekaa dawati moja na vijana wa bara. Jawabu yake ni nyepesi. Abdalla bin Amr alichinjiwa mbuzi nyumbani kwake, naye akawahimiza watu wake kwa kuuliza kama wamempelekea jirani yao Myahudi. Amepokea Abu Daudi na Tirmidhi.

Imebaki mas-ala ya zaka, kwa kuwa wengi huichanganya na mambo haya. Katika madhehebu yetu ya Shafi, kauli yenye nguvu ni kuwa zaka haihamishwi kutoka mji ambao mali imo, madamu wamo humo wanaostahiki. Basi mwenye duka hapa Mombasa, zaka ya duka lake ni ya mafakiri wa Mombasa. Na zakatul-fitri hufuata mahali alipo mtu wakati jua la mwisho wa Ramadhani linapotua. Wanazuoni wa Hanafi wameona kuhamisha ni makuruhu, isipokuwa kwa jamaa au kwa wenye haja zaidi, na mwenye kuifuata kauli hiyo halaumiwi. Ama sadaka, zawadi na kumsomeshea mtoto yule uliyesoma naye, hayo hayana mpaka wa mji.

Nyumba za mirathi zilizoachwa visiwani zikiinama juu ya kuta za majirani, na warithi wametawanyika baina ya Mombasa na Maskati, na kila mmoja angojea mwenzake, hiyo ni mas-ala iliyo nzito. Mafakihi wameueleza kwa urefu ukuta ulioinama na kukhitilafiana katika dhamana ya ukiangukacho. Tutaisoma katika darsa ijayo inshallah. Mwenye nyumba ya namna hiyo na asingoje darsa; ampigie jirani yake simu leo amwulize ukuta u hali gani.