Foleni kwenye Ramani ya Simu: Rangi Zinatoka Wapi, na Mtumiaji Analipia Nini?

Malengo ya somo

Baada ya kusoma somo hili, mtumiaji ataweza kueleza jinsi taarifa za foleni zinavyofika kwenye simu yake, kutambua wakati zimepitwa na wakati, na kulinda salio lake pamoja na taarifa zake binafsi anapozitumia.

1. Mfano wa kuanzia

Tuchukue mfano wa mama anayetoka Kibaha asubuhi ili kuwahi ndege ya saa nne katika Uwanja wa Kimataifa wa Ndege wa Julius Nyerere. Ameketi kando ya dereva, na simu janja iko mkononi ikiwa imefunguliwa programu ya ramani. Wakifika Mbezi watakuwa na njia mbili. Wanaweza kunyoosha Barabara ya Morogoro hadi Ubungo, wakaingia Barabara ya Mandela hadi Tazara na kisha Barabara ya Nyerere. Au wanaweza kuchepuka palepale Mbezi, wakapita Malamba Mawili na Kinyerezi, na kutokea Banana, jirani na uwanja.

Walipoondoka nyumbani, njia ya Ubungo ilikuwa ya kijani. Walipokaribia Kibamba bando lilikwisha, naye hakujua, kwa sababu nukta ya buluu inayoonyesha gari lilipo iliendelea kusogea barabarani kama kawaida. Kwenye kioo njia ya Ubungo ilibaki kijani. Walipofika Mbezi akamwambia dereva anyooshe. Wakati huo lori lilikuwa limekwisha kuharibika katikati ya Barabara ya Mandela, na magari yalikuwa yamejipanga nyuma yake.

Mama huyu hakuwa mzembe. Aliamini jambo ambalo watumiaji wengi huliamini, kwamba nukta ikisogea, basi kila kitu kwenye ramani ni cha sasa. Somo letu ni kutenganisha vitu hivi viwili.

2. Mahali ulipo na foleni iliyoko mbele

Mahali ulipo, simu hupajua kwa kupokea mawimbi ya setilaiti. Mfumo unaofahamika zaidi ni GPS wa Marekani, ambao setilaiti zake huizunguka dunia zikiwa umbali wa takribani kilomita 20,200 kutoka ardhini. Simu husikiliza setilaiti zisizopungua nne, hupima muda ambao mawimbi ya kila moja yametumia kufika, kisha hukokotoa mahali ilipo. Kazi hiyo ni ya kupokea tu, kama redio inavyopokea matangazo. Haihitaji bando na hailipiwi. Intaneti huisaidia simu kupata mahali kwa haraka zaidi inapoanza, lakini ikikosekana simu bado itapata.

Taarifa za foleni hazitoki huko. Setilaiti ya GPS haioni magari wala haijui kwamba Ubungo kumesimama. Taarifa hizo hukusanywa na kompyuta za kampuni yenye programu, kisha huletwa kwenye simu yako kwa njia ya intaneti, kupitia mnara wa mtoa huduma wako. Intaneti ikikatika, mahali ulipo hubaki sahihi huku taarifa za foleni zikisimama pale zilipoishia. Hicho ndicho kilichompata mama wa Kibaha.

3. Nani anayeiambia ramani kwamba kuna foleni?

Zamani, nchi zilizotaka kupima mwendo wa magari zilifukia nyaya chini ya lami au kufunga kamera kando ya barabara. Barani Ulaya, taarifa zilizokusanywa zilirushwa pamoja na matangazo ya redio ya FM na kupokewa na vifaa maalumu ndani ya magari. Mfumo huo ni ghali, na huishia kwenye barabara kuu zilizofungwa vifaa.

Simu zilibadilisha hesabu hiyo. Tarehe 8 Februari 2008, watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, wakishirikiana na kampuni ya Nokia, waliweka simu aina ya N95 katika magari 100, wakayatembeza katika barabara kuu ya I-880 kwa saa kadhaa. Walibaini kwamba simu zikiwamo katika asilimia 2 hadi 5 tu ya magari yote, zinatosha kukadiria vizuri mwendo wa barabara nzima. Sababu yake inaeleweka hata kwa abiria wa daladala: gari moja likikwama kwenye foleni, yaliyo mbele na nyuma yake yamekwama pia.

Ndivyo programu nyingi za leo zinavyofanya kazi. Simu za watu walio barabarani, ikiwemo yako, hutuma mahali zilipo na mwendo wake. Kompyuta huzijumlisha, huzilinganisha na mwendo wa kawaida wa barabara hiyo, na kuipaka rangi. Katika Google Maps, kijani humaanisha hakuna ucheleweshaji, rangi ya chungwa humaanisha magari ni mengi kiasi, na nyekundu humaanisha ucheleweshaji. Kadiri wekundu unavyokolea, ndivyo mwendo ulivyo wa polepole zaidi. Waze, ambayo Google iliinunua mwaka 2013, huongeza taarifa zinazoandikwa na watumiaji wenyewe, kama vile ajali au gari lililoharibika.

Kwa hiyo rangi ni makadirio yanayotokana na simu. Yakiwa na simu za kutosha, makadirio hayo ni mazuri sana. Yakizikosa, au yakipata simu zisizowakilisha magari, huweza kupotosha.

4. Wakati ambao ramani hukosea

Simu ni chache. Katika barabara zenye magari machache au mtandao hafifu, ramani haina cha kuhesabu. Lori likiziba njia katika mlima wa Kitonga, usishangae ramani ikachelewa kuonyesha. Barabara isiyo na rangi yoyote haimaanishi kwamba ni nyeupe. Inamaanisha ramani haina habari nayo.

Simu si za magari. Mwezi Februari 2020, msanii Simon Weckert wa Berlin, Ujerumani, alionyesha jinsi alivyopakia simu 99 kwenye mkokoteni mdogo na kutembea nao mitaani. Simu 99 zilizokuwa zikisogea kwa mwendo wa mtu anayetembea zilitafsiriwa kuwa magari 99 yaliyokwama, na mtaa uliokuwa mtupu ukageuka mwekundu kwenye Google Maps. Kampuni hiyo ilieleza wakati huo kwamba ilikuwa imeanza kutenganisha pikipiki na magari katika baadhi ya nchi, zikiwemo India, Indonesia na Misri. Sisi tunaoishi na bodaboda zinazopenya katikati ya magari, na mabasi ya mwendokasi yanayopita kwenye njia yake pembeni ya foleni, tunaona upesi kwa nini utenganishaji huo ni mgumu. Simu mbili zinaweza kuwa katika barabara moja, umbali wa mita chache, moja ikikimbia na nyingine ikiwa imesimama.

Barabara imefungwa. Hapa ndipo mtumiaji anapopaswa kuwa mwangalifu kuliko pote. Barabara iliyofungwa haina foleni. Maji yakijaa Jangwani na askari wakazuia magari, hakutakuwa na simu za kutangaza mwendo wa polepole. Mpaka mtu atoe taarifa, ramani inaweza kuendelea kuiona njia hiyo kuwa nyepesi. Wakati wa mvua kubwa, tangazo la polisi, redio na neno la dereva anayetoka huko vina uzito kuliko rangi. Usivuke maji kwa sababu simu imekuelekeza.

5. Gharama mbili

Gharama ya kwanza ni bando. Ramani ya kawaida hutumia data kidogo ikilinganishwa na video, lakini picha za setilaiti ndani ya programu hutumia zaidi ya ramani ya michoro. Njia bora ya kujua matumizi yako ni kuyapima mwenyewe: fungua mipangilio ya simu, tazama kiasi cha data kilichotumiwa na programu ya ramani kabla ya safari, kisha tazama tena ukifika. Kumbuka pia kwamba bando huisha kwa namna mbili, kwa kutumiwa lote au kwa kufikia ukomo wa muda wake.

Gharama ya pili haionekani kwenye salio. Programu nyingi za ramani hazitozi fedha, lakini hupokea taarifa za mahali ulipo. Safari zako za mwezi mmoja zinaeleza unapolala, unapofanya kazi, unaposali na hospitali unayotibiwa. Tusidhani kwamba kuondoa jina kunatosha. Utafiti uliochapishwa mwaka 2013, uliochunguza taarifa za simu za watu milioni 1.5 kwa muda wa miezi 15, ulionyesha kwamba nukta nne tu za mahali na wakati zilitosha kuutofautisha mwenendo wa mtu mmoja na wa wengine wote, kwa asilimia 95 ya watu hao.

Hatusemi kwamba mtumiaji aache kuchangia taarifa hizo. Bila simu za wengine, mama wa Kibaha asingepata hata rangi aliyoiona asubuhi. Tunasema achangie akijua, na asitoe zaidi ya kinachohitajika.

6. Hatua za kufuata

(a) Kabla ya safari, ukiwa kwenye Wi-Fi, pakua ramani ya eneo unalokwenda. Ramani iliyopakuliwa itakuelekeza hata bila intaneti, lakini haitakuonyesha foleni ya sasa.

(b) Angalia salio la bando na muda wake wa kuisha kupitia menyu ya mtoa huduma wako. Linganisha muda huo na urefu wa safari.

(c) Washa data na huduma ya mahali. Ndani ya programu ya ramani, chagua tabaka la foleni ili rangi zionekane.

(d) Katika mipangilio ya simu, iruhusu programu kutumia mahali ulipo pale tu unapoitumia, si wakati wote. Kwa programu ya ramani, acha mahali halisi; kwa programu nyingine ambazo hazihitaji kujua mtaa wako, chagua mahali pa kukadiria, kama simu yako ina uwezo huo.

(e) Kagua historia ya safari katika akaunti yako. Unaweza kuizima, kuifuta, au kuiwekea muda wa kujifuta yenyewe.

(f) Kabla ya kila njia panda muhimu, hakikisha intaneti ipo. Njia rahisi ni kufungua ukurasa wowote mpya. Usipofunguka, zichukulie rangi za ramani kuwa habari za zamani.

(g) Kama wewe ndiye dereva, weka safari yako kabla ya kuondoka, funga simu kwenye kishikizo na utumie sauti. Ukihitaji kubadili chochote, egesha gari kwanza au mpe abiria kazi hiyo.

7. Haki zako

Mtumiaji ana haki ya kujua bei, kiasi na muda wa bando analonunua. Ukiona bando limekatwa isivyo, andika tarehe, saa na kiasi kilichopungua, hifadhi ujumbe wote wa manunuzi, kisha wasilisha malalamiko kwanza kwa mtoa huduma wako na udai namba ya kumbukumbu. Usiporidhika na majibu, lalamiko hilo hilo lilete kwa Mamlaka pamoja na kumbukumbu zako.

Kuhusu taarifa za mahali, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inamtaka anayekusanya taarifa binafsi kufanya hivyo kwa madhumuni halali yanayojulikana. Malalamiko ya aina hii hupelekwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi.

8. Jipime

Swali la kwanza: Nukta ya buluu inasogea vizuri. Je, taarifa za foleni ni za sasa? Jibu: Si lazima. Nukta hutokana na setilaiti. Foleni huletwa na intaneti.

Swali la pili: Barabara ya kijijini haina rangi yoyote. Je, iko wazi? Jibu: Ramani haijui. Uliza waliotoka huko.

Swali la tatu: Mama wa Kibaha angefanya nini tofauti? Jibu: Angekagua bando kabla ya kuondoka, na angehakikisha intaneti ipo kabla ya kufika Mbezi, mahali pekee ambapo habari hiyo ingemsaidia kuchagua njia. Akishapita Mbezi, hata taarifa sahihi kabisa ingemweleza tu kwa nini amechelewa.